Mahakama na Kitanda cha Mgonjwa: Tamthilia Mbili za Micere Githae Mugo za Mwaka 1976

Utangulizi

Mwaka 1976 Micere Githae Mugo alitoa tamthilia mbili zinazohusu vita vya Mau Mau. Ya kwanza, *The Trial of Dedan Kimathi*, aliiandika kwa ushirikiano na Ngugi wa Thiong'o. Ya pili, *The Long Illness of Ex-Chief Kiti*, aliiandika peke yake. Tamthilia ya Kimathi ilichezwa katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 1977 ikaiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos, pamoja na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga, na mwaka 1978 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina *Mzalendo Kimathi*, tafsiri ya Raphael Kahaso. Tamthilia ya Kiti haikupata bahati hiyo. Hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huwekwa katika orodha ya kazi za mwandishi kisha msemaji akaendelea na safari yake.

Matokeo ni kwamba msomaji wa tamthilia ya Kiswahili amemjua Mugo kwa kazi moja tu, tena kazi ambayo jina lake husomwa baada ya jina la mwenziwe. Wahakiki wengi wamemtaja kama mshirika wa Ngugi na kuliacha jambo hapo. Makala haya yanashikilia kwamba tamthilia hizi mbili zinapaswa kusomwa kwa pamoja, kwa kuwa zinauliza swali moja katika kumbi mbili tofauti. Swali lenyewe ni hili: jamii iliyogawanyika wakati wa vita inamhukumuje mtu wake? Kimathi anasimama mahakamani. Kiti amelala kitandani. Msomaji anayemjua wa kwanza pekee ameona nusu ya kazi ya mwandishi huyu, na huenda nusu hiyo ndiyo iliyo nyepesi zaidi kukubalika.

Baricho, Embu na miaka ya hali ya hatari

Micere Githae Mugo alizaliwa mwaka 1942 mahali paitwapo Baricho. Leo Baricho imo katika Kirinyaga, lakini mpaka mwaka 1963 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Jambo hili lina uzito kuliko mambo ya mipaka ya utawala. Gavana alipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliyaweka makabila matatu katika fungu moja: Wagikuyu, Waembu na Wameru. Katika msako wa Anvil ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, watu wa makabila hayo matatu ndio waliokamatwa, wakachujwa na kupelekwa kizuizini kwa maelfu. Huko mashambani watu wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu walihamishwa kutoka katika maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa usiku na mchana.

Waliolinda vijiji hivyo hawakuwa wageni. Walikuwa homugadi, vijana na wazee wa ukoo uleule, wakiongozwa na machifu waliojulikana kwa majina na kwa mashamba yao. Upande wa pili walikuwamo waliokwenda msituni. Katika Meru, Musa Mwariama alibaki katika msitu wa Mlima Kenya mpaka uhuru wa Desemba 1963, na Baimungi aliyetoka msituni wakati huohuo aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru mwaka 1965. Basi nyumba moja ingeweza kuwa na mtoto mmoja msituni, wa pili kizuizini na wa tatu mwenye bunduki ya serikali getini. Watu hao hawakutenganishwa na uhuru. Waliendelea kuvuka mto mmoja, kuoza binti zao katika nyumba zilezile na kuketi katika kanisa moja.

Mugo alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati hali ya hatari ilipotangazwa. Alisoma Embu, kisha Alliance, na mwaka 1961 akawa Mwafrika wa kwanza kupokewa katika shule ya wasichana ya Limuru, iliyokuwa ya Wazungu. Alihitimu Makerere mwaka 1966, akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Wasichana ya Kabare, kisha akaenda Kanada na kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha New Brunswick mwaka 1973. Aliporudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa mtu aliyeingia katika nyumba za pande zote mbili: upande wa wenye nyadhifa na elimu, na upande wa waliolipa gharama ya vita. Tamthilia zake mbili zinatoka katika ujuzi huo.

Mahakama: silaha ndani ya mkate

Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 baada ya kupigwa risasi na askari wa kikabila, Mgikuyu mwenzake. Alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kosa la kumiliki bastola na risasi kinyume cha sheria, akahukumiwa kifo na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Waandishi wa tamthilia walieleza wazi kwamba hawakukusudia kuinakili kesi hiyo. Walikusudia kuonyesha nia ya pamoja ya wakulima na wafanyakazi wa Kenya, wala jalada la kesi hawakuwa nalo mkononi.

Ufundi wa tamthilia hii unaonekana jinsi inavyolijibu shtaka. Sheria ya mkoloni ilimshika mtu mmoja na silaha moja, ikadai kwamba mambo yameishia hapo. Tamthilia inaichukua silaha hiyo na kuifanya isafiri. Mwanamke, mhusika asiyepewa jina, anaificha ndani ya mkate. Mkate unapita mikononi mwa vijana wawili, Mvulana na Msichana, ambao mwanzoni wanagombania senti na hawajui wanachokibeba. Kufikia mwisho wanajua. Shtaka la umiliki limegeuzwa: kilichokuwa mali ya mtu mmoja kimekuwa dhamana ya kizazi. Hukumu inapotolewa na mlio wa risasi kusikika, giza la jukwaani halidumu, kwa maana umati unaingia ukiimba. Mfumo wa sehemu tatu ambazo waandishi waliziita miondoko, pamoja na maigizo bubu na ngoma, unaisukuma hadhira kuelekea kwenye wimbo huo.

Ujanja mwingine uko katika mhusika Shaw Henderson. Katika historia, aliyeongoza msako wa Kimathi alikuwa ofisa wa polisi, Ian Henderson, naye jaji alikuwa mtu mwingine. Tamthilia imewaunganisha mwindaji na jaji katika mwili mmoja. Mtazamaji haambiwi kwamba mahakama ya kikoloni haikuwa na haki. Anaona mtu yuleyule akivua vazi moja na kuvaa jingine, akiingia katika seli ya mshtakiwa kumshawishi, kisha akirudi kumhukumu. Baada yake wanakuja wenye benki, mwanasiasa, kasisi na mfanyabiashara, kila mmoja na ahadi yake. Kimathi anawakataa wote.

Hapa ndipo udhaifu ambao wahakiki wameulalamikia unapojitokeza. Kimathi huyu hatikisiki. Mhusika mkuu wa *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, anakuwa mtu kwa sababu shaka inamtafuna: maji aliyowapa watu yanamtisha yeye mwenyewe. Kimathi wa mwaka 1976 hana usiku wa namna hiyo. Upo mwanya mmoja tu, katika tukio la msituni, pale anaposita kuwahukumu wasaliti ambao mmoja wao ni ndugu yake wa damu. Msimamo wa tamthilia unalihesabu tendo hilo kuwa kosa la kiongozi, kisha unasonga mbele haraka. Lakini mwanya huo haufai kupitwa haraka. Hapo ndipo mahakama ya msituni inapokutana na nyumba, na sheria ya mapambano inapokutana na tumbo la mama mmoja. *The Trial of Dedan Kimathi* inauchungulia mlango huo na kuurudisha. *The Long Illness of Ex-Chief Kiti* inauingia.

Kitanda: chifu asiye na kiti

Msomaji wa Kiswahili analitambua jina la mhusika kabla ya kufungua kitabu. Kiti ni mahali pa kukalia, na pia ni cheo. Neno la Kigikuyu la chombo hichohicho linafanana nalo kwa karibu. Iwapo mwandishi alilikusudia au la, anwani inatuambia habari ya mtu aliyeitwa kwa cheo chake, ambaye cheo hicho hanacho tena. Kilichobaki ni ugonjwa, nao ni mrefu.

Kiti ni chifu wa zamani ambaye uhusiano wake na watu wake ulivunjwa na vita vya Mau Mau. Ugonjwa wake hauna dawa ya hospitali, maana umekaa katika nafsi. Uwanja wa tamthilia ni familia. Hakuna umati wa kuingia ukiimba mwishoni mwa kila sehemu. Kwa upande wa fani, kazi hii haina uhodari wa jukwaa ulio katika tamthilia ya Kimathi. Inategemea mazungumzo kwa kiasi kikubwa, na mwongozaji atalazimika kufanya kazi ya ziada ili isibaki kuwa midomo inayosema. Hata hivyo inafanya jambo ambalo mahakama haiwezi. Mahakama inauliza kama mtu ana hatia au hana. Kitanda cha mgonjwa kinawauliza wanaomuuguza wataishi naye vipi, hali wanajua kwamba anayo.

Zipo hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi ya usomaji huu. Ya kwanza ni kwamba kumwonea huruma chifu ni kumsafisha. Katika Kenya ya mwaka 1976 hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Wengi waliokuwa upande wa mkoloni walikuwa wamepata ardhi, vyeo na nafasi za watoto wao shuleni, ilhali wapiganaji wengi walirudi na kukuta mashamba yao yamekwisha kugawanywa. Tamthilia, hata hivyo, haimsafishi Kiti. Kuugua si kutubu. Kumweka kitandani ni kumnyima ile njia rahisi waliyoipita wenzake, ya kuamka siku ya uhuru wakiwa wazima na kupeperusha bendera mpya. Kwa kumfanya augue, mwandishi anasema kwamba kuna deni ambalo halijalipwa, na kwamba mwili wa mdaiwa unalijua.

Hoja ya pili ni kwamba Ngugi alikwisha kuifanya kazi hii. Katika riwaya ya *A Grain of Wheat* ya mwaka 1967, msaliti ni mtu anayeheshimiwa na kijiji, na shujaa mwingine amerudi kutoka kizuizini baada ya kukiri kiapo. Riwaya hiyo imejaa shaka. Lakini hoja hii inauimarisha usomaji wa makala haya. Ifikapo mwaka 1976, waandishi hawa wawili walipoketi pamoja, waliamua kuiweka shaka kando ili wamjengee Kimathi mnara ambao taifa lilikuwa limemnyima. Uamuzi huo ulieleweka, maana miaka kumi na mitatu baada ya uhuru serikali ilikuwa bado ikiwataka watu wasahau. Mugo alipoiweka shaka kando katika kazi moja, aliipa makao katika nyingine iliyotoka mwaka uleule. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mwandishi huyu hakuiona sura ya pili ya vita. Aliiona na akaiandikia tamthilia.

Jalada lililofunguliwa mwaka 2017

Kwa miaka mingi jalada la kesi ya Kimathi lilidhaniwa kuwa limepotea au limefichwa. Mwaka 2017 lilichapishwa katika kitabu *Dedan Kimathi on Trial*, kilichohaririwa na Julie MacArthur, na dibaji yake iliandikwa na Mugo na Ngugi. Humo msomaji anakutana na mtu ambaye hayumo katika tamthilia. Kimathi wa jalada ana jeraha la risasi. Anajitetea kwa kusema kwamba alikuwa akija kujisalimisha, kwa hiyo hakustahili kushtakiwa kama mpiganaji aliyekutwa na silaha.

Msomaji aliyelelewa na *Mzalendo Kimathi* atashtuka. Wako watakaosema kwamba jalada limeivunja tamthilia, na wako watakaosema kwamba jalada la mkoloni haliaminiki hata chembe. Misimamo yote miwili inaharakisha. Maneno yaliyosemwa mbele ya kamba ya kunyongea, kupitia kwa wakalimani, katika lugha ya sheria ya adui, si ungamo la moyo. Wala si uongo wa karani. Ni maneno ya mtu anayetafuta njia ya kuishi. Tamthilia ya mwaka 1976 haikuwa na nafasi ya kumweka mtu huyo, kwa sababu mahakama yake ilijengwa ili iwe na upande mmoja wa uthabiti na mwingine wa uovu.

Nafasi hiyo imo katika chumba cha Kiti. Kusema hivi si kumlinganisha mpiganaji na chifu. Mmoja alikufa kwa ajili ya ardhi, mwingine aliugua kwa sababu ya alichokifanya. Lakini ni tamthilia ya Kiti inayomfundisha msomaji kumtazama mtu aliyebanwa bila kumgeuza sanamu wala kumtupa. Aliyeisoma hatalihofu jalada la mwaka 2017. Atalisoma akijua kwamba heshima ya Kimathi haitegemei kuwa hakuwahi kutetemeka.

Uhamisho na neno utu

Mwaka 1980 Mugo alichaguliwa kuwa mkuu wa Kitivo cha Sanaa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa kama huo. Mwaka 1982, serikali ilipokuwa ikiwabana wahadhiri, alikimbia nchi pamoja na binti zake wawili. Alinyang'anywa uraia wa Kenya, akapata wa Zimbabwe na kufundisha katika chuo kikuu cha Harare mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kuanzia mwaka 1993 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, hadi alipostaafu mwaka 2015. Alifariki tarehe 30 Juni 2023.

Katika miaka ya uhamishoni hakurudi kwenye tamthilia ya namna ile ya mwaka 1976. Aliendelea na ushairi ulioandikwa ili usemwe na kuitikiwa, kama katika diwani ya *My Mother's Song* ya mwaka 1994, na nadharia ya fasihi simulizi. Katika nadharia hiyo aliufananisha ulimwengu wa Mwafrika na kitunguu. Mtu yuko ndani, amezungukwa na familia, ukoo, jamii na ulimwengu, na maganda yote yamefungamana. Ganda moja likioza, yaliyo jirani hayasalimiki. Mwaka 2021 alitoa kitabu kidogo kuhusu utaalamu wa mambo ya Waafrika na kuliweka neno la Kiswahili *utu* katika anwani yake, sambamba na *ubuntu*.

Mfano wa kitunguu unaweza kusomwa kama maelezo ya baadaye ya ugonjwa wa Kiti. Chifu aliyejitenga na ganda la watu wake hakuumia peke yake: uozo ulipita kwa mke, kwa watoto, kwa majirani. Nalo neno utu linatoa kipimo ambacho mahakama za pande zote mbili, ile ya Nyeri na ile ya msituni, hazikuwa nacho. Mtu anaweza kuupoteza utu wake na bado akawa mtu wa watu fulani, ambao wana wajibu wa kumdai aurudishe. Mwandishi aliyefukuzwa kwao ndiye aliyelishika neno hilo kwa nguvu, naye alilichukua katika lugha ambayo tamthilia zake hazikuandikwa kwayo.

Hitimisho

Kutoka Baricho kuelekea mashariki, ukivuka Embu na kushuka hadi Tharaka, unafika nyumbani kwa Kithaka wa Mberia, mshairi na mwandishi wa tamthilia kwa Kiswahili. Katika *Kifo Kisimani* ya mwaka 2001, Mwelusi, mtetezi wa watu wa Butangi, anauawa na Gege, ndugu yake mwenyewe, aliyenunuliwa na utawala kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala. Makala haya hayadai kwamba Mberia alimwiga Mugo. Yanachodai ni kwamba upande huu wa mlima umewafundisha waandishi wake kuutafuta usaliti ndani ya nyumba kabla ya kuutafuta ikulu. Wanafunzi wa sekondari nchini Kenya walisoma habari za Gege kwa miaka kadhaa kama kitabu cha mtihani. Wengi wao hawajui kwamba robo karne kabla yake mwanamke mzaliwa wa Embu ya zamani alikuwa amemlaza kitandani mzee wa aina hiyohiyo, akauliza baada ya usaliti nyumba itafanya nini.

Kazi iliyo mbele ya wahakiki na watafsiri ni dhahiri. *Mzalendo Kimathi* iliwapa wasomaji wa Kiswahili mahakama. Kitanda cha Kiti nacho kinahitaji kuletwa kwa lugha hiyo, kikachezwe Embu, Chuka na Meru mbele ya watu ambao babu zao walikuwa pande zote mbili za handaki. Mpaka hapo, uhakiki wa Micere Githae Mugo utaendelea kumtaja kwa heshima na kumsoma nusu.